Kitabu cha Miaka 900 na Diski ya Miaka 16: Kwa Nini ni Vigumu Kufufua Kompyuta za Zamani

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kamati zetu za parokia zinaufahamu ukweli huo, na ndiyo maana kila mwaka tunahimizana kuandika mihtasari, kutunza hesabu na kuorodhesha michango. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari hilo imo ndani ya kompyuta. Swali ambalo bado halijaulizwa vya kutosha ni hili: kompyuta iliyoandika daftari ikifa, nani atalisoma?

Katika makala hii tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wanakamati pamoja na wafadhili, jambo ambalo wataalamu wa kompyuta wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 20. Nalo ni namna ya kuifanya kompyuta mpya iige kompyuta ya zamani, ili kazi zilizofanyika kwenye ile ya zamani zionekane tena kama zilivyokuwa, maandishi na picha zake. Tutatumia mfano mmoja kutoka Uingereza kwa sababu umeandikwa na kuchunguzwa sana, na tutaongeza mifano michache ya mashine nyingine pale itakaposaidia. Mwishoni tutatoa maswali ambayo kila kamati inaweza kuyajadili.

DOMESDAY MBILI

Mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, aliamuru ifanyike hesabu ya mali nchini: nani anamiliki ardhi ipi, ina plau ngapi, ina vinu vingapi, na thamani yake ni kiasi gani. Taarifa zilikusanywa mwaka 1086 na kuandikwa kwa mkono, kwa Kilatini, juu ya ngozi. Kitabu hicho kinachoitwa Domesday kipo hadi leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London. Mtu anayejua Kilatini na mwandiko wa zama zile anaweza kukisoma bila chombo chochote, isipokuwa macho yake na mwanga wa kutosha.

Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la utangazaji la BBC likishirikiana na kampuni za Acorn, Philips na Logica lilitoa Domesday mpya. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita 4 kwa 3. Shule na vikundi vya jamii viliombwa kuandika habari za kipande chao: watu wanafanya kazi gani, wananunua wapi mahitaji, watoto wanacheza nini, mtaa unafananaje. Zaidi ya watu milioni 1 walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi. Zilipatikana kurasa zaidi ya 140,000 za maandishi na picha zaidi ya 20,000 zilizopigwa na wananchi wenyewe, pamoja na ramani na takwimu za taifa. Mradi uligharimu takriban pauni milioni 2.5.

Hizi ni habari za watu wa kawaida, ambazo kwa desturi haziandikwi popote. Mfalme wa mwaka 1086 aliuliza juu ya kodi. Watoto wa mwaka 1986 waliandika juu ya maisha yao. Kazi yao yote iliwekwa kwenye diski mbili za leza zenye kipenyo cha sentimita 30, ukubwa sawa na santuri za muziki.

DISKI ILIKUWEPO, MSOMAJI HAKUWEPO

Kuzisoma diski hizo kulihitaji vifaa maalumu: kompyuta ya BBC Master kutoka Acorn iliyoongezewa prosesa msaidizi, kichezeshi cha Philips cha aina ya VP415, na mpira wa kusogeza mshale kwenye skrini. Seti nzima iliuzwa kwa maelfu ya pauni, bei ambayo shule nyingi hazikuimudu, hata zile ambazo wanafunzi wake walikuwa wameandika kurasa zilizomo. Vifaa vilivyouzwa vilikuwa vichache, na baada ya muda soko likahamia kwenye teknolojia nyingine.

Kufikia mwaka 2002, yaani miaka 16 tu baadaye, magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiandika kwa masikitiko kwamba Domesday ya ngozi inasomeka na ile ya leza iko karibu kupotea. Diski nyingi zilikuwa bado nzima. Vilivyoadimika ni vichezeshi vinavyofanya kazi, vipuri, na mafundi wanaovijua.

Wanakwaya wetu wataelewa haraka. Karatasi ya nota inaweza kutunzwa vizuri kabatini kwa miaka mingi. Lakini wimbo haumo kwenye karatasi peke yake. Unatokea pale karatasi, kinanda na mtu anayejua kusoma nota vinapokutana. Diski ni karatasi ya nota. Ukurasa aliouona mtoto wa shule mwaka 1986 ulitokana na diski, programu, kompyuta, kichezeshi na skrini vikifanya kazi pamoja. Kimoja kikikosekana, ukurasa haupo.

KUIGA MASHINE MAANA YAKE NINI

Njia mojawapo ya kurudisha ukurasa huo ni kuandika programu inayoiga mashine yote ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Programu ya aina hiyo huitwa emuleta. Kazi yake inafanana na ya mkalimani. Husoma amri moja moja iliyoandikwa kwa lugha ya prosesa ya zamani, kisha huitekeleza kwa lugha ya prosesa mpya. Lakini emuleta hufanya zaidi ya kutafsiri. Inapaswa pia kujifanya kibodi, diski, saa, spika na skrini ya wakati ule. Programu ya zamani inapouliza kitu, ijibiwe sawasawa na ambavyo mashine yake ingejibu. Ikifanikiwa, programu hiyo haitambui kwamba imehama nyumba.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kazi ya awali haiguswi. Hakuna anayeandika upya wala kuamua lipi libaki na lipi litupwe. Tena emuleta moja ikikamilika inaweza kufungua maelfu ya kazi nyingine zilizotengenezwa kwa mashine ileile. Ndiyo maana miradi ya uigaji imeenea. Mradi wa MAME, ulioanza mwaka 1997 kwa ajili ya mashine za michezo za kumbi za burudani, umeendelea hadi kuiga maelfu ya mashine za aina mbalimbali. Mwaka 2013 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ya Marekani ilianza kuwawezesha wasomaji kuendesha programu za zamani moja kwa moja kwenye kivinjari cha intaneti.

Mtu anaweza kuuliza: kompyuta ya leo ina kasi mara maelfu kuliko ile ya mwaka 1986, sasa ugumu uko wapi? Ugumu uko katika mambo matatu, na tutayaeleza moja baada ya jingine.

UGUMU WA KWANZA: MAPIGO YA SAA

Kila kompyuta hufanya kazi kwa kufuata mapigo, kama ngoma. Kompyuta ya BBC Micro iliyotolewa mwaka 1981, ambayo ni mzazi wa BBC Master, ilikuwa na prosesa ya aina ya 6502 yenye mapigo milioni 2 kwa sekunde. Skrini yake ilichorwa mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo kila mchoro mmoja wa skrini ulipewa mapigo 40,000, na kila mstari mmoja wa mchoro ulipewa mapigo 128. Hakukuwa na ziada.

Kumbukumbu ya mashine maarufu zaidi ya aina hiyo ilikuwa kilobaiti 32 tu, na picha ya rangi ingeweza kula kilobaiti 20 kati ya hizo. Waandishi wa programu walilazimika kubana matumizi kwa ujanja mwingi. Mfano mzuri ni mchezo wa Elite uliotolewa mwaka 1984. Sehemu ya juu ya skrini yake ilikuwa na michoro myembamba ya nyeupe na nyeusi, na sehemu ya chini ilikuwa na rangi nne. Mashine haikuwa na mpangilio wa namna hiyo. Programu ilisubiri mpaka mwale unaochora skrini ufike kwenye mstari fulani, kisha ikabadilisha mpangilio katikati ya mchoro, na kuurudisha mchoro mpya ulipoanza. Ilifanya hivyo mara 50 kila sekunde.

Emuleta inayotaka kuonyesha mchezo huo ipasavyo haina budi kuendesha prosesa, saa na chipu ya skrini kwa mwendo mmoja, kama wapiga ngoma watatu wasiopishana. Kompyuta za leo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Prosesa yao inagawanywa kwa shughuli nyingi, na wakati wowote inaweza kuiacha emuleta kidogo ili ishughulikie barua pepe au antivairasi. Kusimama kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde hatukuoni. Kwa BBC Micro hayo ni mapigo 2,000, zaidi ya mistari 15 ya skrini. Kwa sababu hiyo emuleta hailazimiki kwenda sambamba na saa ya ukutani wakati wote. Inaweka hesabu yake ya mapigo, inachora picha nzima pembeni, kisha inaionyesha ikiwa tayari.

Kasi ya ziada nayo ni tatizo. Programu nyingi za zamani zilisubiri kwa kuhesabu, kwa mfano moja hadi elfu, kabla ya kuendelea. Zikiachiwa kwenda kwa kasi ya leo, maandishi yanapita kabla jicho halijayaona.

UGUMU WA PILI: PICHA

Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwani tumezoea kudhani kwamba picha iliyo kwenye skrini imo yote ndani ya kompyuta. Katika mashine za zamani haikuwa hivyo.

Kwanza, umbo la herufi. BBC Micro ilikuwa na mpangilio mmoja wa skrini, uliotokana na teknolojia ya kurusha maandishi kupitia televisheni, wenye mistari 25 ya herufi 40. Kumbukumbu ilihifadhi namba 1,000 tu, namba moja kwa kila nafasi. Umbo la herufi lilikaa ndani ya chipu iliyoitwa SAA5050, na chipu hiyo ndiyo iliyolainisha kona za herufi wakati wa kuzichora. Anayenakili diski na kumbukumbu peke yake anapata namba bila sura. Mwandishi wa emuleta lazima aijue chipu hiyo na kuiga kazi yake.

Pili, rangi. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilitumia mbinu ya ajabu zaidi. Katika michoro yake ya kina, kumbukumbu ilisema tu kama nukta iwashwe au izimwe. Rangi ilijitokeza ndani ya televisheni ya Marekani, kutokana na mahali nukta ilipoangukia katika mawimbi ya rangi. Hivyo emuleta ya Apple II haiwezi kuishia kwenye kompyuta. Inapaswa kuiga na televisheni pia, pamoja na kasoro zake, la sivyo picha ya rangi inageuka mistari ya nyeusi na nyeupe.

Tatu, umbo la nukta. Nukta za skrini za leo ni za mraba. Katika mpangilio wa BBC Micro wenye rangi nyingi zaidi, upana wa skrini ulikuwa na nukta 160 na urefu nukta 256, hivyo kila nukta ilikuwa pana kuliko urefu wake. Kuitanua picha hiyo ijae skrini ya leo yenye mistari 1,080 hakugawanyiki sawasawa. Tukiikuza mara 4 tunapata mistari 1,024, na mistari 56 inabaki mitupu. Tukilazimisha ijae, baadhi ya mistari inakuwa minene kuliko mingine na herufi zinaharibika. Kila emuleta inachagua: nafasi tupu pembeni, au herufi zilizopinda, au picha yenye ukungu.

Nne, mwendo. Skrini ya zamani ya Uingereza ilichorwa mara 50 kwa sekunde, na skrini nyingi za leo huchorwa mara 60. Michoro 50 haiwezi kuenea katika nafasi 60 bila 10 kurudiwa. Kitu kilichokuwa kikiteleza vizuri kinaonekana kama kinajikwaa.

Tano, kioo chenyewe. Televisheni ya kioo kinene ilichora kwa mwale uliopita mstari kwa mstari, ukiwasha kemikali zilizong'aa kisha zikafifia. Nukta ziliingiliana kidogo na mistari ikaacha nafasi nyembamba za giza. Wachoraji wa wakati ule walilijua hilo na kulitegemea: nukta mbili za rangi tofauti zikikaa jirani zilionekana kama rangi ya tatu. Picha ileile kwenye skrini ya leo inaonekana kama vigae vya sakafu. Emuleta nyingi sasa zina kichujio kinachoiga mng'ao na giza hilo, kazi ambayo mara nyingi huhitaji nguvu zaidi kuliko kuiga prosesa yenyewe.

Sita, na hili linaihusu Domesday moja kwa moja, ni picha mbili kwenye skrini moja. Diski zile zilihifadhi picha na ramani kama mawimbi ya video, na taarifa za kidijitali ziliwekwa mahali ambapo kwa kawaida sauti ingekaa. Kichezeshi kilitoa picha, kompyuta ikatoa maandishi na alama, na viwili hivyo vikaunganishwa kwa mapigo mamoja hadi vikaonekana kama ukurasa mmoja. Emuleta haina mawimbi ya kuunganisha. Kwanza kila picha lazima igeuzwe kuwa ya kidijitali. Upande mmoja wa diski ya aina hiyo unaweza kubeba hadi fremu 54,000. Tukihesabu fremu moja kuwa na nukta 720 kwa 576, bila kuibana, upande mmoja unakaribia gigabaiti 67. Mwaka 2002 huo ulikuwa mzigo mzito kwa kompyuta ya kawaida. Kuzibana kungepunguza mzigo, lakini kungepoteza sehemu ya picha ambayo baadaye hairudi.

UGUMU WA TATU: MAARIFA NA HAKI

Uigaji unategemea kujua mashine ilivyofanya kazi. Vitabu vya mafundi hupotea, kampuni hufungwa, na wahandisi hustaafu. Tena vitabu havisemi kila kitu, kwani chipu huwa na tabia ambazo waliozitengeneza hawakuziandika, na waandishi wa programu walizigundua na kuzitumia. Prosesa ya 6502 ilikuwa na vipande vidogo vya kuwasha na kuzima umeme takriban 3,500. Ili kuielewa kikamilifu, watafiti wa mradi wa Visual6502 waliifungua chipu, wakaipiga picha kwa hadubini, wakachora upya njia zake zote. Mwaka 2010 waliionyesha ikifanya kazi kwenye skrini, kipande kwa kipande.

Kuna pia suala la haki miliki. Emuleta huhitaji programu ya msingi iliyokuwa ndani ya mashine, na programu hiyo ni mali ya mtu au kampuni hata kama mashine haiuzwi tena. Mara nyingine mmiliki hajulikani tena ni nani. Kwa Domesday jambo lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa wachangiaji wa maandishi, picha, ramani na takwimu walikuwa wengi na tofauti.

JINSI DOMESDAY ILIVYOOKOLEWA

Mwaka 2002 mradi wa CAMiLEON wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulionyesha Domesday ikifanya kazi kwenye kompyuta ya kisasa. Watafiti hawakuanza na mikono mitupu. Walichukua emuleta ya BBC Micro iitwayo BeebEm, iliyokuwa imeandikwa na wapenzi wa mashine hiyo kwa hiari yao, wakaiongezea prosesa msaidizi na kichezeshi cha leza. Taarifa zilinakiliwa kutoka kwenye diski kwa kutumia kichezeshi kilichokuwa bado kizima, na picha zikanaswa fremu baada ya fremu. Baadaye zilipatikana kanda za video zilizotumika kutengeneza diski, na picha zake zilikuwa safi zaidi.

Mwaka 2011 BBC ilitumia njia nyingine. Ilitoa maandishi na picha za diski ya jamii na kuziweka kwenye tovuti iliyoitwa Domesday Reloaded, ambako mwananchi yeyote angeweza kutafuta mtaa wake. Walioandika wakiwa watoto walisoma maneno yao wakiwa watu wazima. Lakini mwaka 2018 tovuti hiyo nayo ilifungwa, na nakala yake ikahifadhiwa na Nyaraka za Taifa. Wokovu wenyewe ulihitaji kuokolewa baada ya miaka 7.

Katika miaka ya karibuni, kundi la wataalamu wa kujitolea linaloitwa Domesday86 limetengeneza kifaa kinachonasa mawimbi ya leza yenyewe kabla kichezeshi hakijayatafsiri. Tafsiri hufanywa baadaye na programu. Faida yake ni kubwa, kwani programu ikiboreshwa kesho, mawimbi yaleyale yanatoa picha bora zaidi. Vilevile nakala kadhaa za diski moja zinaweza kulinganishwa, palipo na mkwaruzo kwenye nakala hii pakasomwa kwenye ile. Watu wengine wanafuata njia ya kuiga kwa saketi badala ya programu. Mradi wa MiSTer hutumia chipu inayoweza kupangwa upya ifanane na njia za ndani za mashine ya zamani, na hivyo tatizo la mapigo hupungua sana. Lakini bado lazima mtu aijue mashine ile ndipo aweze kuipanga.

NJIA TATU NA GHARAMA ZAKE

Kutokana na historia hiyo tunaona njia tatu za kutunza kazi iliyofanywa kwa kompyuta.

1. Kutunza mashine yenyewe. Unaona kila kitu kama kilivyokuwa, lakini vipuri huisha na siku moja mashine inagoma.

2. Kuhamisha taarifa kwenda kwenye muundo mpya. Ni nafuu na husaidia wasomaji wengi. Sura ya kazi na namna ya kuitumia hubadilika, na zoezi hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa.

3. Kuiga mashine. Kazi hubaki kama ilivyo. Gharama ya mwanzo ni kubwa, inahitaji wataalamu, na emuleta yenyewe hutakiwa kuhamishwa kompyuta za leo zinapozeeka.

Hakuna njia moja iliyotosha. Domesday ilihitaji zote tatu: kichezeshi kimoja kizima ili kunakili diski, uhamishaji ili wananchi wasome, na uigaji ili kazi ionekane ilivyokuwa. Iliwezekana kwa sababu mwaka 2002 mashine chache zilikuwa bado hai na watu waliozijua walikuwa bado wapo. Kazi hiyohiyo ikingojwa miaka 50 ingekuwa na gharama kubwa zaidi, na huenda isiwezekane kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI KWA KAMATI NA WAFADHILI

Parokia haihitaji emuleta ili kutunza daftari lake. Inahitaji kutofika mahali ambapo emuleta ndiyo tumaini pekee. Tunapendekeza maswali haya yajadiliwe katika kikao kijacho:

a) Kumbukumbu zetu zimo kwenye vyombo gani? Kama kuna flopi kabatini, zinakiliwe sasa. Kampuni ya Sony, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa flopi, iliacha kuziuza mwaka 2011, na kompyuta mpya hazina mahali pa kuziingiza.

b) Faili zetu zinafunguliwa na programu ngapi? Kama ni moja tu, na mwenye kuiuza ni mmoja, tuko katika hali ya diski ya Domesday. Hati muhimu zihifadhiwe pia katika muundo wa PDF/A, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu. Orodha na hesabu zihifadhiwe pia kama maandishi ya kawaida yanayosomwa na programu yoyote.

c) Tuna nakala ngapi, na ziko wapi? Nakala mbili kwenye kabati moja ni nakala moja siku ya moto.

d) Nani anajua? Nywila, majina ya mafaili na utaratibu wa kazi viandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa, ili katibu akibadilika maarifa yasiondoke naye.

e) Lini mara ya mwisho tulifungua nakala zetu na kuzisoma? Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

f) Kipi lazima kibaki kwenye karatasi? Madaftari ya ubatizo na ndoa, hati za viwanja na mihtasari ya maamuzi makubwa yachapishwe na kutiwa sahihi. Karatasi nzuri, wino mzuri na kabati kavu havihitaji umeme.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi la wazi. Mnapopokea andiko la kununua kompyuta au kutengeneza mfumo wa kumbukumbu, ulizeni fungu la kutunza liko wapi: nani atahamisha taarifa baada ya miaka 5, na kwa fedha zipi. Swali hilo halionyeshi kutoaminiana. Mradi ulioshirikisha watu milioni 1, wenye kampuni kubwa na wahandisi hodari, ulifika ukingoni mwa kupotea ndani ya miaka 16. Wetu ni mdogo zaidi, na wanaoutegemea ni majirani zetu.

Mjane anayetafuta uthibitisho wa ndoa yake, kijana anayehitaji cheti cha ubatizo, kijiji kinachotaka kuonyesha nani aliahidi nini juu ya kisima: wote hao wanakuja kwa daftari. Tunaziomba kamati zote ziingize jambo hili katika ajenda ya robo mwaka ijayo, na zituandikie zimeamua nini. Tutachapisha majibu yenu katika toleo litakalofuata ili parokia nyingine zijifunze kutoka kwenu.